Nguo za Swaleh Dirishani

Hitima ya Mwanasiti ilisomwa nyumbani kwake Likoni, asubuhi ya jua kali, na watu walipokwisha kula wakapungua, tukabaki wanawake wa karibu. Nguo zake zilikuwa zimeteremshwa kabatini na kurundikwa juu ya mkeka: madera, mabuibui, leso ambazo baadhi yake nilikuwepo zikinunuliwa. Binti yake, Rehema, alikaa kando ya rundo lile akizikunja na kuzigawa kama desturi ilivyo, hii ya shangazi, hii ya jirani, hii ya yule mama aliyemwosha. Aliifanya kazi hiyo kwa utulivu, na alipoulizwa kama amekula alijibu kuwa amekula. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, na nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakikwangua masufuria ya pilau. “Mwamuona yule mwana?” mmoja akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini. “Tangu juzi hata chozi.” Mwenzake akajibu, “Kuna watu nyoyo zao kavu, bibi wee. Na mama mzazi huyo!” Nilitaka kugeuka niwaambie wafunge midomo. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kufunga watu midomo ni kazi niliyoifanya miaka mingi kwa mshahara. Lakini nilinyamaza, kwa sababu hata mimi sikuwa nimelia. Mwanasiti alikuwa rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, tumezeeka pamoja, na tangu nipigiwe simu kwamba ametutoka nilikuwa nimekufa ganzi, kama ufizi baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua pana kidonda, ulimi unakigusa, lakini husikii kitu. Nilijaribu kuikumbuka sura yake nikaipata miwani, nikalipata pengo la jino, sura yenyewe sikuipata. Hali hiyo naijua. Niliwahi kuishi nayo sehemu kubwa ya mwaka mmoja.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala niliposwa vipi. Naanzia pale nilipokuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, mke wa Swaleh kwa muda usiotimia mwaka. Swaleh alikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja huko Changamwe. Jioni akirudi alikaa barazani kuvua makubadhi huku akiimba puani wimbo usio na maneno, upande mmoja unapanda, upande mmoja unashuka, na mimi nikiusikia hujua chai iende mezani. Siku moja alirudi nyumbani kwetu Mtopanga na homa. Hakuimba. Alilala, na homa ikaondoka naye kabla hatujakubaliana tumpeleke hospitali gani. Nikaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hapaki hina wala wanja, hajifukizi udi, na mwanamume asiye maharimu wake hamuoni. Nilikaa eda nyumbani kwa mavyaa wangu, mamake Swaleh, katika chumba kilekile tulichokuwa tukilala. Kilikuwa na kitanda, kabati lenye kioo, mkeka, na dirisha moja la nondo lenye pazia jepesi, linaloangalia njia ya kwendea msikitini. Malori ya mawe kutoka Mwakirunge yalipopita barabara ya juu, kioo cha kabati kilitetemeka. Picha zetu mbili za harusi mavyaa alizifungia sandukuni, kwani nyumba ilikuwa ikisomwa Qur'ani na picha hazikutakiwa ukutani. Sikupinga. Mwaka ule sikupinga lolote. Niliambiwa kula nikala, niliambiwa koga nikakoga.

Asubuhi nililetewa mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na mchuzi wa papa, jioni uji wa mchele uliotiwa pilipili manga. Najua vilikuwa vitamu, kwa sababu mavyaa hakuwahi kupika kitu kibaya, lakini nilikuwa nakula kama mtu anayejaza maji kwenye mtungi. Mavyaa mwenyewe alishinda ukumbini, nje ya mlango wangu, juu ya mkeka, na uteo wa mchele mapajani, na maneno yote ya nyumba yalinifikia kupitia pazia la mlango. Ndivyo nilivyomsikia wifi yangu Zena akimwambia mamake, “Mama, mkaza mwanao yuwala vizuri, mashallah.”

“Mwache ale.”

“Nasema tu. Tangu kaka azikwe sijamuona akilia. Si mkewe yule?”

“Kilio si kitu cha kuonyeshana, Zena.”

“Lakini hata kidogo, mama? Hata kidogo?”

Nikasikia mchele ukipetwa. Zena aliniudhi baadaye kwa mambo mengine mengi, lakini kwa hilo sikumchukia, maana alikuwa akiuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza. Kitu asichokijua, na ambacho sikumwambia mtu, ni kwamba sura ya Swaleh ilikuwa imenipotea. Nilikuwa na kovu lake juu ya nyusi. Nilikuwa na sharubu, na sikio la kushoto lililochomoza kuliko la kulia, na kucha alizozikata fupi mno. Kila kimoja nilikiona wazi kabisa, peke yake. Nikiviweka pamoja nilipata mwanamume, lakini hakuwa yeye. Nilifumba macho nikaanza upya, leo kwa kovu, kesho kwa sikio, na kila mara alitokea mtu baki aliyevaa viungo vya mume wangu. Niliogopa. Niliona kwamba eda ikiisha kabla sijaipata sura ile, nitatoka mle chumbani nikiwa mjane wa mtu nisiyemjua, na hiyo ndiyo hofu pekee iliyopenya ganzi yangu mwaka mzima.

Nguo zake ziligawiwa kama leo za Mwanasiti zinavyogawiwa. Ni desturi nzuri na mimi naitetea: maiti anapata thawabu, na aliye hai anapata shati. Shati la mistari ya buluu alipewa kijana wa mkokoteni aliyekuwa akituletea maji. Makubadhi alipewa mwadhini. Kofia, ambayo niliishona kwa mkono wangu wakati wa uchumba na kuumaliza uoni wangu kwa vile vitundu, alipewa mzee jirani aliyemwosha. Waligawa kwa nia safi na kwa haki. Walichosahau ni kwamba mjane ana dirisha. Mara ya kwanza nililiona shati likija njiani likisukuma mkokoteni, na moyo ukaruka kabla akili haijasema neno. Kisha juu ya kola pakatokea uso wa yule kijana, unatoka jasho. Baada ya hapo niliyaona makubadhi alfajiri na adhuhuri, nikazoea. Ijumaa moja wakaja wote watatu pamoja wakielekea msikitini. Kofia ilitangulia, shati lilifuata limefuliwa na kupigwa pasi, na makubadhi yakaja nyuma yakitimua vumbi. Nilisimama nikashika nondo. Swaleh wangu wote alikuwa pale njiani, kuanzia kichwani hadi miguuni, na hakuwapo. Nilingoja nisikie uchungu, hasira, chochote. Sikusikia kitu. Nilikaa nikanywa chai yangu iliyokuwa imeshapoa.

Mwanasiti alikuwa akija Jumamosi. Alivuka feri kutoka Likoni, akapanda gari hadi Kisauni, akamalizia kwa miguu, kwa sababu mtihani wetu wa mwisho ulikuwa unafuata mara tu baada ya eda yangu na yeye aliapa hatafanya mtihani ule peke yake. Aliingia na vumbi lake na kelele zake, “Shikamoo mama,” kwa mavyaa, “Hodi mwenye eda,” kwangu, kisha akakaa mkekani na kunisomesha yote waliyosomeshwa wiki ile. Hakuwa na adabu ya nyumba ya msiba. Wengine waliokuja kunitazama walinong'ona. Yeye alinikaripia nikikosea. Na kuondoka kwake kulikuwa kazi. Aliaga, akatoka, akavaa kiatu kimoja, kisha akarudi na mkono kwenye mwimo wa mlango, pazia limemlalia begani, “Na jingine, nisije nikasahau,” akasema alilosahau, akaondoka, akarudi tena. Mavyaa alikuwa akimtania kwamba anaaga mara nyingi kuliko anavyobisha hodi.

Jumamosi moja alisema, “Leo saikolojia. Kuna neno la Kijerumani hapa litakuvunja ulimi. Gestalt.”

“Ndiyo nini?”

“Umbo. Sura. Kitu kilivyo kizima. Mwalimu asema Waingereza walitafuta neno lao wakashindwa, wakalichukua hivyohivyo lilivyo.”

Kisha akanieleza lilikotoka, na maelezo yake nayakumbuka kuliko ya mwalimu yeyote niliyepata kumsikiliza baadaye. Wajerumani walikuwa nalo miaka na miaka, neno la kawaida tu la kusemea umbo la kitu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mwanafalsafa mmoja wa Austria akalitumia kuulizia muziki. Wimbo, alisema, umeundwa kwa sauti moja moja. Lakini mtoto akiuimba kwa sauti nyembamba, kisha mtu mzima akauimba kwa sauti nzito, hakuna hata sauti moja iliyobaki ileile, na bado sote tunasema ni wimbo uleule. Basi huo wimbo uko wapi, ikiwa hauko ndani ya zile sauti? Baadaye wakaja wataalamu wengine huko Ujerumani wakalifanya neno hilo kuwa jina la elimu nzima. Walianzia kwenye taa. Taa mbili zikiwaka kwa zamu, haraka haraka, jicho halioni taa mbili. Laona taa moja inayohama.

“Kama zile za harusini,” Mwanasiti akasema, amenogewa. “Zile taa za rangi zinazokimbia ukutani. Hazikimbii! Kila moja imekaa palepale ilipofungwa, yawaka na kuzima tu. Kukimbia hakuko kwenye taa hata moja. Si wazikumbuka zako, zilivyozunguka...” Akajiziba mdomo. “Nisamehe, ndugu yangu. Wallahi ulimi wangu huu.”

“Endelea,” nikamwambia, kwa kuwa sikuwa nimeumia popote. Nilikuwa naziona taa za harusi yangu kama za harusi ya jirani.

Akaendelea, sasa polepole. Mwalimu amesisitiza jambo moja, alisema, kwa sababu wanafunzi hulikosea kila mwaka. Watu hupenda kusema kwamba kizima ni zaidi ya jumla ya vipande vyake, kana kwamba ni hesabu ya kujumlisha na mwisho unatiwa nyongeza. Sivyo. Kizima ni kitu kingine. Huwezi kukifikia kwa kuongeza vipande, hata ukiongeza vyote.

“Kwa hiyo waweza kuwa na vipande vyote,” nikauliza, “na kizima kisiwepo?”

Mwanasiti aliniangalia. “Hilo halimo kwenye silabasi,” akasema. “Kwa nini wauliza?”

Nikamwambia. Nilimwambia habari za kovu na sikio, na ile Ijumaa, kofia na shati na makubadhi kwenye mstari mmoja. Nilieleza kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo, na nilipomaliza ni yeye aliyekuwa akilia, amejifuta kwa ncha ya leso hadi pua ikawa nyekundu. Hakunipa mawaidha. Alikusanya vitu vyake, akaaga, akatoka. Akarudi na mkono kwenye mwimo. “Na jingine, nisije nikasahau. Hapo dirishani usikae tena.” Akaingia, akaukamata mkeka wangu akauburuta hadi upande wa pili wa chumba, karibu na mlango wa ukumbini. “Hapa. Mgongo dirishani. Wakipita wapite.” Nikakaa pale kwa sababu niliambiwa.

Nadhani ilipita wiki, au zaidi, sina hakika. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, nyumba imetulia, Zena ametoka. Nilikuwa nimeegemea ukuta na kitabu kisichosomwa mapajani, na upande wa pili wa pazia mavyaa alikuwa akichagua mchele. Nilisikia vijiwe akivitupa kwenye sahani, kimoja kimoja. Halafu nikamsikia akiimba puani. Mavyaa alikuwa na pumu. Sauti yake ilikuwa nzito na ya mikwaruzo, na alikokota mno, alisimama katikati kuvuta pumzi. Hapakuwa na chochote cha mwanawe katika sauti ile. Lakini upande mmoja ulipanda, upande mmoja ukashuka, na Swaleh akaingia chumbani. Siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo. Sikuona kovu, sikuona sharubu, sikukusanya kitu. Alikuwa yeye, mzima, na uso wake ukiwa vile ulivyokuwa ukinitazama, na mimi nikatoa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo.

Mavyaa alilisukuma pazia. “Una nini, mwanangu? Umeumwa na nini?”

“Endelea, mama.”

“Niendelee na nini?”

“Ule wimbo.”

“Wimbo gani?” Hakuwa na habari kwamba alikuwa akiimba. Nikajaribu kumwonyesha, nikakosea, huku nalia. Akatega sikio, akakunja uso, kisha nikaona amenielewa, na rangi ikamtoka. “Lahaula,” akasema. “Nilikuwa nikimbembelezea, alipokuwa mdogo, akikataa kulala.” Akakaa kando yangu, akajaribu. Alianza juu mno, akaacha. Akaanza chini, akapotea njiani. Aliitafuta sauti moja moja, hii, la, hii, na kila alivyozidi kuitafuta wimbo ulizidi kuwa kitu kingine, hadi akanyamaza akaniwekea kichwa begani, mama mzima, naye akalia. Zena aliporudi alitukuta hivyo, uteo umepinduka na mchele umetapakaa mlangoni. Alisimama kidogo. Nilingoja aseme neno. Alisema “Alhamdulillahi” kwa sauti ndogo, akachukua ufagio akaanza kuukusanya mchele, na tangu siku hiyo nilimsamehe hata yale ambayo alikuwa hajayafanya bado.

Sitaki kudanganya kwamba nilipona. Kesho yake ganzi ilikuwa palepale, na ilikaa nami muda mrefu, lakini sasa ilikuwa na Swaleh ndani yake. Eda ikaisha, nikakogeshwa, nikavishwa nguo mpya, nikaenda kwenye mtihani. Swali la Gestalt halikuja. Mwanasiti alilalamika hadi tukapata vyeti. Mavyaa alinirudishia zile picha mbili, nikaziangalia sana kwa heshima, na mwanamume aliyekuwamo alikuwa na kovu mahali pake na masikio yake yote mawili, nami nikazirudisha kwenye bahasha. Wimbo mavyaa hakuuimba tena, angalau si mimi nikiwa karibu. Nadhani aliogopa. Mimi mwenyewe siujui, nikiutafuta unakimbia.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale Likoni, wakati Rehema aliponiita. “Mama mdogo, hii yako.” Ilikuwa leso ya zambarau ambayo mamake alipenda kujitanda akienda harusini. Niliipokea, nikainusa, ilikuwa na harufu ya Mwanasiti kabisa, ile ya asumini na dawa ya viungo, na moyoni sikusikia kitu. Nikamuombea marehemu dua, nikamuaga Rehema, nikapita katikati ya wale wanawake wawili wa masufuria bila kuwatazama. Nje nilivaa kiatu kimoja, ndipo nikakumbuka kwamba birika kubwa lililoazimwa msikitini halijasemewa. Nikarudi nikashika mlango. “Na jingine, nisije nikasahau,” nikasema. “Lile birika ni la msikiti, lirudi leo hii.”

Rehema alikuwa na dera mkononi, nusu limekunjwa. Alinitazama, na dera likamtoka mikononi. Kwanza nilidhani amepatwa na kizunguzungu. Kisha uso wake wote ukavunjika, akalia kwa sauti, kilio cha mtoto, na wale wanawake wakaja mbio, mmoja akisema, “Lia, mwanangu, lia,” kana kwamba ni yeye aliyemliza.

“Mama mdogo,” Rehema akasema alipoweza. “Sema tena.”

“Nimesema nini?”

“Vile. Rudi pale mlangoni useme tena vile.”

Hapo ndipo nilipouona mkono wangu kwenye mwimo, na mguu mmoja mtupu, na pazia la mlango lililonilalia begani. Miaka yote ile nilikuwa nikimcheka Mwanasiti kwa kuaga kwake. Na nilijua ninaombwa nini, kwa sababu niliwahi kuomba hivyo hivyo. Nilijaribu, ningemkatalia vipi? Nikatoka, nikavaa kiatu, nikarudi, nikaweka mkono palepale. “Na jingine,” nikasema. Ilikuwa sauti ya bibi kizee aliyesimama mlangoni na kiatu kimoja.

Rehema akatikisa kichwa. “Siyo,” akasema. “Siyo hivyo.”

“Najua,” nikamwambia. Nikavua kiatu, nikaingia, nikakaa chini kando yake kwenye rundo la nguo, nikamfuta uso kwa ile leso ya zambarau. Macho yangu yalikuwa makavu bado. Zamu yangu ya kulia itakuja siku yake, kwa mlango wake, na huenda italetwa na huyu huyu bila yeye kujua.

“Nitakuja Jumamosi,” nikasema. “Tutachagua mchele. Ila usinitazame sana.”